Unyusi wa Dada

Jumatatu, 4 Machi

Kikao cha familia, sebuleni kwa Dada. Mara ya kwanza tunakaa humu bila yeye kutuambia tuvue viatu. Tukavua wenyewe.

Dada alifariki Jumamosi, saa nne asubuhi, cherehani yake ikiwa bado na uzi. Mazishi ni Jumamosi hii. Kwa sasa amelazwa mochwari. Nimeliandika neno hilo mara mbili, mara ya kwanza kalamu iligoma.

Kazi zikagawanywa. Binamu yetu, tunayemwita Mheshimiwa tangu agombee udiwani akapata kura tisa (na kwao wako kumi na moja), alichukua zote nzuri. Hotuba, yeye. Nguo za marehemu, yeye. Picha ya kupeleka mochwari, yeye. Mimi, ndugu wa tumbo moja, nikapewa viti!

Nikauliza picha ni ya nini. Shangazi akasema fundi wa mochwari huipanga sura ya marehemu kwa kufuata picha. Hapo Mheshimiwa akaitoa aliyoichagua. Ya kitambulisho! Katika picha ile Dada ni kama mtu aliyeambiwa arudi kesho. Nikasema huyo siye. Mheshimiwa akajibu kwamba hiyo ndiyo picha rasmi, na kwamba yeye haniingilii mambo ya viti.

Siye, kwa sababu unyusi umelala. Dada alinilea tangu nikiwa na miaka sita na hakunichapa hata siku moja. Nikidanganya, unyusi wake wa kushoto ulipanda. Polepole, bila haraka, kama mtu apandaye ngazi akijua utamngoja. Basi. Nilisema yote, na mengine ambayo hakuyauliza. Mtaa mzima unaujua ule unyusi. Wateja waliodai kwamba gauni limebana kwa kosa la fundi waliuona, wakakumbuka ghafla kwamba wamenenepa.

Tukimzika bila unyusi, tutakuwa tumemzika mtu mwingine.

Nimeapa. Jumamosi jeneza likifunguliwa, unyusi utakuwa juu. Mpango ninao. Karibu ninao.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda mochwari. Kisingizio: kuuliza viti vitapangwa wapi. Mlinzi akanielekeza mapokezi. Nikapinda kushoto badala ya kulia. Ukumbi mrefu, vigae vyeupe, harufu ya dawa inayokaa nyuma ya koo. Mlango umeandikwa HAKUNA RUHUSA KUINGIA. Haukufungwa. Mlango usiofungwa si mlango, ni pazia.

Hakukuwa na mtu, aliye hai wala asiye hai. Nikasimama. Nilitarajia kuogopa. Badala yake nikavua kofia.

Sijaona chumba safi namna ile. Katikati, meza ya chuma iliyoinama kidogo upande wa miguuni, na mfereji pembeni ili maji yaende zake. Juu yake kibao cheusi kilichochongwa nafasi ya shingo. Nikakigusa. Kuna mtu, mahali fulani, alikaa akafikiria raha ya shingo ambayo haiwezi tena kulalamika!

Na trei. Mikasi mitano. Koleo ndefu za ncha nyembamba. Ndoano ndogo, butu, ya kunyanyulia mshipa bila kuuchana. Sindano zilizopinda kama mwezi mchanga. Mabomba ya chuma yaliyopangwa kwa ukubwa, la kwanza jembamba kama njiti ya kiberiti, la mwisho kama kidole changu. Lingine refu, lenye ncha kali, sikuliangalia sana. Na vikombe vidogo vya plastiki, vyepesi kama ganda la kitunguu, vyenye vipele mgongoni. Baadaye nikaambiwa kwamba huwekwa chini ya kope ili jicho lisizame na kope isifunguke.

Dada angekipenda chumba hiki. Naye alitundika mikasi yake kwa ukubwa. Ungekata karatasi kwa mkasi wa kitambaa, ungetamani kuhama nyumba.

Nikiwa hapo, mwanamke akaingia. Aproni ndefu, buti za mpira, miwani iliyoshikwa kwa uzi. Mama Pamba. Mlinzi alikuwa amenitajia jina hilo kwa sauti ya chini, kama anayemtaja mwalimu mkuu. Akaniuliza mimi ni nani, maana ndugu wa marehemu hawaruhusiwi humu.

Nikamwambia mimi ni mkaguzi wa pampu.

Sijui lilitoka wapi! Ila kweli pampu ilikuwepo, juu ya meza ndogo. Tangi la kioo, saa ya kupimia msukumo, mpira mrefu. Mama Pamba akaitazama pampu, akanitazama mimi. Kisha akasema karibu sana mkaguzi, tunakungoja tangu mwaka juzi, haya, kagua.

Nikaizunguka mara mbili. Nikaigonga kwa kidole. Nikasema mm. Nikabonyeza kitufe.

Maji yalinipata kifuani, kisha usoni, kisha, nilipojaribu kuushika ule mpira, yakampata yeye. Akauzima mtambo kwa utulivu. Akanipa taulo. Akasema naam, inasukuma.

Halafu, sijui kwa nini, akanieleza. Dawa ya kuhifadhi mwili huingizwa kwenye mshipa wa shingo. Pampu huisukuma taratibu, nayo hufuata njia zile zile za damu, zote, hadi ncha za vidole. Kwa saa moja hivi, mashine hii ni moyo wa mtu.

Akaongeza jambo moja, nami nikalihifadhi. Sura hupangwa kwanza, dawa baadaye. Dawa ikishaingia nyama hukaza, na sura haibembelezwi tena. Ukikosea mdomo, alisema, umeukosea milele. Kesho hana kazi ya kupanga sura. Keshokutwa asubuhi atamshughulikia mama mmoja fundi cherehani, na picha yake iko ndani ya bahasha kule mapokezi.

Nikamshukuru. Nikamwambia pampu imefaulu.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya ushindi!

Picha nimeipata ndani ya kopo la vifungo. Dada na Shangazi wamekaa kwenye benchi nje ya duka, miaka kumi na mitano iliyopita. Mimi sionekani. Nilikuwa nyuma ya mpiga picha, nikimwambia Dada kwamba nimepata kazi. Sikuwa nimepata. Unyusi uko juu kabisa! Sijawahi kuufurahia hivi.

Nikailaza picha kifudifudi mezani. Nikapapasa kwa kidole upande aliokaa Dada. Nikaandika kwa herufi kubwa ili asikosee mtu: FUATA SURA YA HUYU WA KULIA.

Mapokezi kuna karani mzee, mpole, mwenye kikohozi. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya viti. Nikaomba kalamu. Alipoinamia droo nikabadilisha picha ndani ya bahasha. Nikaangusha kopo la kalamu kwa kiwiko. Tukaziokota wote wawili, tukiwa tumepiga magoti. Akanishukuru kwa msaada! Akasema vijana wa siku hizi hawana adabu kama yangu. Nina miaka arobaini na saba.

Picha rasmi ya Mheshimiwa iko mfukoni mwangu. Kwisha kazi yake.

Sijapata viti bado. Havina haraka.

Alhamisi, 7 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Nilikwenda saa nne kasorobo, na soksi za sufu. Kisingizio, ndiyo, lakini pia Dada alikuwa na miguu ya baridi maisha yake yote. Mlango wa chumba uko wazi kidogo. Nikasikia Mama Pamba akiongea na mtu. Pole dada yangu, nakuinua shingo kidogo. Hivyo. Umetulia? Samahani, mkono wangu ni wa baridi.

Anaongea nao! Miaka yote, kila mmoja. Nikasimama pale na soksi zangu.

Kisha nikachungulia, na mezani alikuwa amelala Shangazi.

Shangazi niliyemwacha nyumbani anakunywa chai! Mdomo ule ule, umeshuka pembe zote mbili, kama anapopewa kiti cha pili kwa uzuri. Nyusi zote mbili zimelala chali. Shuka jeupe hadi mabegani. Pampu imejazwa. Mama Pamba ameshika bomba jembamba mkononi, na kidole chake kinakwenda kwenye kitufe.

Nikapiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Yeye hakushtuka. Aliondoa tu kidole, akaniuliza vipi mkaguzi, pampu imeharibika?

Nikasema huyo si dada yangu. Akakagua kikaratasi cha jina kilichofungwa kwenye kifundo cha mguu. Ndiye. Akanionyesha picha. Wa kulia: Shangazi. Nikaigeuza. Maandishi yangu. Nikaigeuza tena. Nikaigeuza mara ya tatu, polepole, na safari hii nikamwona Dada akihama kutoka kulia kwenda kushoto.

Jamani.

Nikakiri yote. Bahasha, kalamu za yule mzee, pampu. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mama Pamba akasema alikuwa anashangaa. Tangu saa mbili anauvuta mdomo chini, nao unarudi juu. Miaka ishirini na miwili ya kazi, hajakutana na mdomo mkaidi namna ile. Lakini watu hubadilika wakiugua, na picha ndiyo kauli ya familia, kwa hiyo yeye hufuata picha. Akasema hata hivyo Jumanne alijua mimi ni ndugu. Pua ni ile ile. Nikauliza kwa nini basi aliniacha nikague. Akasema alitaka kuona nitakagua nini.

Nikangoja kufukuzwa. Akanitupia aproni na glavu. Akasema ndugu haruhusiwi humu, na sheria ni sheria. Kwa hiyo leo mimi ni mkaguzi, na mkaguzi akae kichwani, asiguse kitu mpaka aambiwe.

Akaanza upya. Koleo ndefu zikatoa pamba shavuni, vipande vidogo vidogo, kama mtu anayefumua mshono bila kuumiza kitambaa. Akapaka krimu, akaukanda uso kwa vidole viwili. Pembe za mdomo zikalegea. Shangazi akaondoka taratibu. Sikujua mtu anaweza kuondoka hivyo.

Hakuniuliza Dada alifananaje. Aliniuliza alikuwa anachekaje.

Nikamwambia alicheka amefunga mdomo. Siku zote alikuwa na pini midomoni, tatu au nne, na alijifunza kucheka bila kuziangusha. Hata siku ambazo hakuwa na pini. Mama Pamba akasema aaa! Akasema huo ndio mdomo aliokuwa akigombana nao asubuhi yote, mdomo unaoshika pini. Akaweka pamba kidogo huku, kidogo kule. Akaniuliza hapo? Nikasema ndani zaidi. Hapo? Na mara moja, kwa kipande kisichozidi punje ya mchele, alikuwa yeye. Alikuwa yeye! Nikamuuliza kuhusu mwanya wake wa meno, kama unaweza kuonekana. Akasema mdomo ukiachwa wazi hukauka, na kwamba mwanya ataondoka nao mwenyewe, si kila kitu ni cha wageni.

Ukabaki unyusi. Akaupandisha kwa kidole gumba. Ukashuka. Akaupandisha tena. Ukashuka. Akasema njia ni moja tu, mtu aushike juu mpaka dawa ishike, na yeye mikono yake miwili ina kazi.

Akasema mkaguzi, kidole.

Basi nikaweka kidole. Akabonyeza kitufe. Pampu ikaanza kunguruma kwa chini, kama paka. Mama Pamba akaukanda mkono wa Dada kutoka begani hadi vidoleni, akiisindikiza dawa njiani, akisema nenda, nenda mama, bado kidogo. Nikaona midomo ikipata rangi. Halafu viganja. Halafu kucha, moja baada ya nyingine, hadi kile kidole cha kati chenye alama ya tondoo, ile kofia ya kidole ya kushonea. Kana kwamba mtu anapita ndani ya nyumba akiwasha taa. Nililia, lakini kidole hakikusogea.

Ili nisitetemeke akaniuliza kazi yangu ya kweli ni ipi. Nikasema mimi ni mkuu wa stoo katika shule ya msingi.

Wakati huo huo nikahisi unyusi ukisukuma kidole changu kwenda juu.

Naapa! Mama Pamba akasema hiyo ni dawa, nyama inakaza. Nikasema msaidizi. Mimi ni msaidizi wa stoo. Akasema sawa, na akaendelea na mkono wa pili.

Dakika arobaini. Nilipoondoa kidole, unyusi ulibaki juu.

Nikamvalisha soksi mimi mwenyewe. Niliruhusiwa.

Ijumaa, 8 Machi

Viti!!!

Nilivisahau kabisa. Shangazi ameniuliza viko wapi. Nikasema vinakuja. Bila ule unyusi mbele yangu ilikuwa rahisi mno.

Nikakimbilia shuleni. Mkuu wa stoo akasema vya ukumbini vimeazimwa, vilivyobaki ni vya chekechea. Sitini, vyekundu na bluu. Nikatia sahihi. Kiti ni kiti.

Mheshimiwa akatangaza kwamba jioni atakwenda kukagua sura ya marehemu kabla ya umma. Nikamwambia haiwezekani, pampu iko kwenye ukaguzi. Akauliza nani kasema. Nikasema mkaguzi mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa kama anayemfahamu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemzika Dada yangu leo.

Watu walikuwa wengi. Walikaa magoti yakigusa masikio. Kiti cha kwanza kilivunjika chini ya Mheshimiwa, akapewa cha pili, nacho kikavunjika. Akasimama mpaka mwisho, akasema anapendelea.

Jeneza likafunguliwa. Wa kwanza alikuwa jirani, mama mnene wa nyumba ya kona. Akaangalia. Akarudi hatua moja. Akasema kwa sauti, bila kuulizwa na mtu, kwamba lile gauni la kijani alilifua yeye kwa maji ya moto.

Shangazi alikaa pale muda mrefu. Alipogeuka akanishika mkono, akanong'ona kwamba mkasi mkubwa wa Dada haukupotea. Uko kwake, chini ya godoro. Ataurudisha. Kisha akasema mwanangu, mbona anatabasamu kama ana pini mdomoni. Akalia vibaya. Nami pia.

Mheshimiwa akasimama kando ya jeneza na karatasi zake sita. Akaanza. Akasema marehemu, siku zake za mwisho, alimwita faragha akamkabidhi uongozi wa ukoo huu. Hapo akamgeukia Dada ili amwonyeshe kwa mkono. Akakohoa. Akaangalia karatasi, akamwangalia Dada, akaangalia karatasi. Akasema kwamba, kwa kweli, alimwita akamwambia arudishe pasi yake.

Akakunja karatasi zote sita, akarudi alikotoka. Nilitarajia kufurahi. Nilimwonea huruma. Naye alimpenda, ila hajui pa kuweka mikono.

Mama Pamba alikuwepo, nyuma kabisa, na viatu vya kawaida, nusura nisimtambue. Alipita mbele ya jeneza kama kila mtu. Hakuutazama unyusi. Aliutazama mdomo, kwa jicho moja lililobanwa, vile Dada alivyokuwa akitazama pindo kabla ya kukata uzi. Akaridhika. Akamwambia kwaheri kwa sauti yake ile ya chumbani, na mimi peke yangu ndiye niliyesikia.

Nikawa wa mwisho. Nikamwahidi Dada hila zimekwisha. Sitadanganya tena, si kwa viti, si kwa picha, si kwa lolote.

Unyusi haukushuka. Ni dawa, najua.

Jumapili, 10 Machi

Nyumba kimya. Nimetia mafuta cherehani yake. Ile picha ya benchi, niliyorudishiwa na Mama Pamba, nimeitundika ukutani, juu ya meza. Mkasi mkubwa umerudi, nimeutundika mahali pake, wa kwanza kutoka kushoto. Nilihakikisha kushoto mara tatu.

Usiku mzima nimewaza juu ya ile trei, na ile pampu iungurumayo kama paka, na mtu anayewaomba samahani wafu kwa sababu mkono wake ni wa baridi. Maisha yangu yote nimehesabu chaki. Nataka kuifanya kazi ile. Nataka kuifanya kwa heshima, na kwa ukweli, kama nilivyoahidi.

Kwa hiyo nimeanza barua ya maombi.

Nimeandika: Nina uzoefu wa miaka minane wa kukagua pampu. Si uongo kabisa. Alhamisi ilikuwa ndefu. Nimeandika: Nimewahi kuwa mkuu wa stoo. Mkuu akienda msalani, nani mkuu? Vile viti viwili nimesema viliharibiwa na mvua. Hilo ni la barua nyingine. Mdhamini wangu nimemweka Dada, fundi mashuhuri, na nikaongeza kwamba kwa sasa hapatikani kwa simu.

Hapo nikainua macho, nikakutana naye.

Nimeigeuza picha itazame ukutani. Kwa muda tu, mpaka nimalize ukurasa. Sasa kinachonitazama ni mgongo wake, na mwandiko wangu mzuri, herufi kubwa: FUATA SURA YA HUYU WA KULIA.

Mwandiko safi. Nitautumia huo huo kwenye bahasha.